Kumsaidia Mtoto Kufahamu Shairi katika Mtihani wa Kuingia Sekondari

Mtoto wa darasa la saba aingiapo katika chumba cha mtihani wa Kiswahili aghalabu hukutana na shairi asilopata kuliona. Hana mwalimu wa kumsomea, hana kamusi, wala hana ruhusa ya kutoa sauti. Anazo beti tatu au nne mbele yake, dakika chache, na maswali yamtakayo achague jibu lililo sahihi kati ya majibu kadhaa yanayofanana. Huyu ndiye msomaji wa ushairi aliye katika hali ngumu kuliko wote, na yafaa wale wamwandaao wajiulize wamempa silaha gani.

Nchini Tanzania mtihani huo hutungwa na Baraza la Mitihani lililoundwa mwaka 1973, na matokeo yake hutumika kuwachagua wanafunzi wa kuingia kidato cha kwanza. Kwa miaka mingi karatasi ya Kiswahili imekuwa na sehemu yake ya ushairi. Maswali ya sehemu hiyo ni ya namna mbili. Ya kwanza ni ya umbo: shairi lina beti ngapi, kila mstari una mizani mingapi, vina vya kati na vya mwisho ni vipi, kibwagizo ni kipi. Ya pili ni ya maana: neno fulani lina maana gani, nani anasemwa, kichwa gani chafaa, na shairi lafunza nini.

Walimu wengi hutumia sehemu kubwa ya vipindi vyao katika namna ya kwanza, na sababu yake yaeleweka. Umbo lahesabika, mtoto aweza kufundishwa kulihesabu kwa wiki mbili, na jibu lake halina ubishi. Walakini mtoto ajuaye kuhesabu tu hupata alama za umbo, kisha hukwama. Huona kuwa mstari una mizani kumi na sita, asijue mstari huo wasema nini. Tena huondoka shuleni akidhani kuwa shairi ni hesabu iliyovaa maneno.

Tatizo hilo halitokani na uchache wa akili, wala si kwamba ushairi ni fumbo lisilofumbulika. Shairi la Kiswahili ni sentensi za Kiswahili zilizopangwa upya ili zikae katika mizani na vina. Maneno huhamishwa, mengine hukatwa, mengine huletwa kutoka katika lugha ya zamani. Lakini kuna kitu kimoja kisichohama: viambishi vya ngeli vinavyokaa ndani ya kitenzi. Hivyo ndivyo uzi unaoliunganisha neno na mwenzake hata yakitenganishwa. Mtoto aliyezoea kuufuata uzi huo amekwisha kuupata ufunguo wa mashairi yote, yaliyotungwa na yatakayotungwa.

Shairi la mfano

Ili maelezo yasiwe ya hewani, hapa pana shairi fupi lililotungwa kwa ajili ya makala haya, kwa kadiri ya mtoto wa darasa la saba. Kichwa chake kimeachwa makusudi, kwa kuwa kichwa ni moja katika maswali.

Wasimama uwanjani, matawi yametawala,
Kivulini mwake ndani, wapita njia walala,
Yaangukayo shinani, watoto wengi wayala,
Mwembe 'liupanda babu, tunda lake hakulila.

Mawe watoto hutupa, matawi wakayavunja,
Nao matunda huwapa, kisasi haujaonja,
Mdogo nao humpa, wala haujampunja,
Mwembe 'liupanda babu, tunda lake hakulila.

Nawe panda wako mche, usiulize wa nani,
Umwagilie, usiche, jua kali la mwakani,
Wajao nyuma waache, wapumue kivulini,
Mwembe 'liupanda babu, tunda lake hakulila.

Sikio litangulie jicho

Ushairi wa Kiswahili ulikuwa sautini kabla haujawa karatasini. Mashairi ya Muyaka bin Haji wa Mombasa, aliyeishi hadi karibu na mwaka 1840, yalikaa vifuani mwa watu kabla ya kukusanywa na kuandikwa. Kaluta Amri Abedi, katika kitabu chake Sheria za Kutunga Mashairi na Diwani ya Amri cha mwaka 1954, alishikilia kuwa shairi ni wimbo, na kwamba lisiloimbika halina thamani. Hata ngonjera zilizoenea mashuleni baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967 zilikuwa za kusemwa mbele ya watu, wala si za kusomwa kimya.

Kwa hiyo hatua ya kwanza ni kumsikilizisha mtoto. Mwalimu asome shairi kwa sauti mara mbili: mara ya kwanza kwa mahadhi, mara ya pili kwa mwendo wa mazungumzo, akipumzika kidogo mwisho wa kila kipande. Watoto wapige kidole juu ya meza kwa kila silabi. Hapo watagundua wenyewe kuwa kila mstari una vipande viwili vya mapigo manane, na kwamba sauti fulani hurudi mahali pake.

Kwa njia hii kuhesabu mizani kunakuwa kazi ya sikio, na makosa mengi huondoka. Mtoto ahesabuye kwa jicho husema kuwa "mche" ni mizani mmoja, kwa sababu aona irabu moja. Ahesabuye kwa kidole husikia mapigo mawili, m-che, kwa kuwa hiyo "m" hutamkwa peke yake. Kadhalika "humpa" ni mapigo matatu, na "mdogo" ni matatu. Lakini "mwembe" ni mawili tu, mwe-mbe, kwa kuwa katika neno hilo "m" imeungana na sauti inayoifuata. Kanuni hii ikiandikwa ubaoni ni ndefu na ngumu kukumbuka. Ikipigwa mezani mtoto huijua tangu siku ya kwanza.

Chumba cha mtihani hakina sauti, lakini aliyezoea kusikia aweza kusikia moyoni. Kidole chake chaweza kugusa goti chini ya meza bila kumsumbua mtu.

Uzi wa ngeli

Baada ya sikio huja sarufi. Na uchukuliwe mstari wa kibwagizo: "Mwembe 'liupanda babu." Mtoto asomaye kwa kufuata mpangilio wa maneno hudhani kuwa jina la kwanza ndilo la mtendaji, kwa kuwa ndivyo ilivyo katika sentensi nyingi za kitabuni. Akifanya hivyo, mwembe ndio uliompanda babu. Hapo ama hucheka, ama huamua kuwa mashairi hayana maana, akaendelea na swali jingine.

Mwalimu amwulize: ndani ya kitenzi "'liupanda" pana "u", hiyo ni ya nani? Mtoto yeyote asemaye Kiswahili ajua kuwa mti huupanda, mche huupanda, mwembe huupanda. Mtu, kama angepandwa, angekuwa na "m". Basi kilichopandwa ni mwembe, nao umetajwa kwanza ili usikike kwanza. Aliyebaki ni babu, naye ndiye mpanzi. Kiambishi chake "a" kimekatwa kwa sababu "Mwembe aliupanda babu" kina mizani tisa, na kipande chataka minane. Sentensi yenyewe, ikirudishwa katika mpango wa kawaida, ni hii: Babu aliupanda mwembe.

Kipande cha pili kina mtego mkubwa zaidi: "tunda lake hakulila." Watoto wengi, wakiliona neno "hakulila" kwa haraka, watadhani ni "hakulia" lililokosewa na mpiga chapa, na watamwona babu aliyekataa kutoa machozi. Neno hilo lakatika hivi: ha-ku-li-la. "Ha" ni ya kukanusha, "ku" ni ya wakati uliopita katika kukanusha, "li" ni ya tunda, na "la" ni mzizi wa kula. Babu hakulila hilo tunda. Alipanda, akafa au akazeeka kabla mti haujazaa. Katika silabi moja, "li", ndimo lilimofichwa jambo zito la shairi zima; aliyeipita hiyo amelipita shairi.

Uzi huu ndio uwezeshao Kiswahili kuhamisha maneno namna hii. Baadhi ya lugha zisizo na upatanisho wa ngeli hutegemea mno nafasi ya neno ili ijulikane nani kamtenda nani. Kiswahili huweka alama ndani ya kitenzi, basi jina laweza kuzunguka. Washairi hawakuharibu sarufi walipopindua maneno. Waliitumia nguvu iliyokuwamo katika sarufi yenyewe.

Hapa pana faraja kwa mtoto wa bara, ambaye mara nyingi huambiwa kuwa ushairi ni mali ya watu wa pwani. Msukuma, Mgogo, Mhaya na Mchaga wameukuta upatanisho wa ngeli katika lugha za mama zao kabla hawajajifunza Kiswahili. Mathias Mnyampala, aliyeishi kati ya mwaka 1917 na 1969, alikuwa Mgogo, naye ni miongoni mwa washairi mashuhuri wa Kiswahili na ndiye aliyezieneza ngonjera. Mtoto wa Kiiraqw, wa Kimasai au wa Kijaluo, ambaye lugha ya nyumbani kwake haina mfumo huo wa ngeli, yafaa aongezewe mazoezi ya viambishi kabla ya kupewa mashairi. Asihesabiwe kuwa mzito; kazi aliyonayo ni kubwa kuliko ya wenzake.

Viambishi vinavyofanana

Ingekuwa rahisi kama kila kiambishi kingekuwa na mwenyewe mmoja. Sivyo ilivyo, na mtoto hana budi kuonyeshwa mahali penye utelezi.

Ubeti wa kwanza waanza na neno "Wasimama". Wengi watasema: watu wamesimama uwanjani. Lakini mstari huohuo wataja matawi, na watu hawana matawi. Jambo hili latokana na wakati wa "-a-", ambao mashairi huupenda na mazungumzo ya siku hizi yameuacha kwa kiasi kikubwa. "U" ikikutana na "a" huwa "wa": mwembe u-a-simama, yaani wasimama. "Wa" ya watu nayo ikikutana na "a" hubaki "wa": wapita njia wa-a-lala, yaani walala. Kwa hiyo katika ubeti mmoja mna "wasimama" ya mti, na "walala" na "wayala" za watu, zote zikiwa na sura moja.

Dawa yake ni nyepesi. Mtoto aweke "-na-" mahali pa "-a-" kisha asikilize. Mwembe unasimama, wapita njia wanalala, watoto wanayala. Mara moja "wa" hugawanyika kuwa "una" na "wana", na kila mmoja hurudi kwa mwenyewe. Zoezi hili laweza kufanywa kwa dakika tano kila siku, kwa mdomo, bila kitabu.

Utelezi wa pili umo katika "Yaangukayo shinani." Yapi? Jina halimo. "Ya" yaweza kuwa ya matawi, ya majani, ya maembe. Ngeli hapa hupunguza wagombea, lakini maana ndiyo inayoamua. Kitenzi cha kipande kinachofuata ni kula, nao watoto hawali matawi. Basi ni maembe, ijapokuwa jina la mwembe lenyewe halitajwi mpaka mstari wa nne. Mtoto afundishwe subira hii: mashairi mara nyingi humweleza mwenye jina kwanza, kisha humtaja. Asiandike jibu kabla ya kuumaliza ubeti.

Utelezi wa tatu ni "Nao matunda huwapa." Neno "nao" laweza kuwa la watoto, na laweza kuwa la mwembe. Kitenzi cha "hu-" hakisaidii, kwa kuwa hakichukui kiambishi cha mtendaji. Jibu limo katika kipande cha pili: "kisasi haujaonja." Hiyo "u" baada ya "ha" ni ya mwembe, kama ingekuwa ya watoto, wangekuwa "hawajaonja". Basi mwembe ndio utoao matunda, hata kwa wale wautupiao mawe. Mstari unaofuata wathibitisha: "Mdogo nao humpa." Kama mdogo ndiye atoaye, mshairi angesema "naye". Amesema "nao", basi mdogo hupewa. Na hiyo "m" ndani ya "humpa" ni yake.

Maneno yaliyokatwa, yaliyorefushwa na ya kale

Mizani ina madai yake, na desturi imewaruhusu washairi kulikata neno ama kulirefusha. Kukata huitwa inkisari, na mfano wake ni "'liupanda". Kurefusha huitwa mazida. Mathalani "afya" huwa "afia" ili ipate mizani mitatu, na "nenda" huwa "enenda". Tena mshairi aweza kubadili sauti ya neno bila kugusa idadi ya mizani ili kina kipatikane, na hiyo huitwa tabdila. Mtoto hahitaji kukariri majina haya kwa ajili ya kufahamu. Ahitaji tabia moja tu: akiona neno geni, kabla ya kusema halijui, ajaribu kuliongeza silabi, ajaribu kulipunguza, ajaribu kulibadili irabu. Mara nyingi neno geni ni neno la nyumbani lililovaa nguo nyingine.

Yapo pia maneno ya lahaja. Kiswahili sanifu kilijengwa juu ya Kiunguja, lakini ushairi mwingi wa zamani ulitungwa kwa lahaja za Mombasa na Lamu. Huko, mahali pengi ambapo sanifu ina "ch", pana "t": macho ni "mato", nchi ni "nti", kucheka ni "kuteka". Na ambapo sanifu ina "nj", pana "nd": njia ni "ndia". Haya si makosa wala si lugha nyingine. Ni mabadiliko ya sauti yenye taratibu, na mtoto aliyeonyeshwa mifano minne aweza kuikisia ya tano mwenyewe.

Mwisho yapo maneno ya kale. Katika ubeti wa tatu mna "usiche". Mtoto aweza kulidhania "usiache", au akafikiri juu ya usiku kucha. Aulizwe: mcha Mungu ni mtu gani? Atajibu kuwa ni amwogopaye Mungu. Basi "kucha" hapa ni kuogopa, na "usiche jua kali" ni usiogope jua kali. Neno la zamani halikufa. Limebaki ndani ya "mcha Mungu", ndani ya "uchaji" na ndani ya "kicho". Kumtafutia mtoto jamaa ya neno iliyo hai kwafaa kuliko kumpa orodha ya maneno magumu na maana zake, kwa sababu orodha husahaulika, na tena shairi la mtihani laweza kuwa na neno lisilokuwamo.

Kulirudisha shairi katika lugha ya kila siku

Baada ya hayo yote, mtoto alisimulie shairi kwa maneno ya kawaida, ubeti kwa ubeti. Ubeti wa tatu utakuwa hivi: Nawe panda mche wako, wala usiulize utakuwa wa nani. Umwagilie maji, usiogope jua kali la mwakani. Waache watakaokuja baadaye wapumue kivulini.

Katika kulisimulia, makosa yaliyofichika hujitokeza. Mtoto aliyedhani kuwa "waache" ni amri kwa watu wengine, yaani wao na waache jambo fulani, atashindwa kuliunganisha na "wapumue kivulini". Hapo atarudi nyuma mwenyewe na kuona kuwa anayeambiwa ni yule wa "nawe", na kwamba "wa" ni ya hao wajao.

Yapo mashaka kuwa kufanya hivi ni kulivunja shairi. Mashaka hayo ni ya haki, na dawa yake ni kulijenga tena. Shairi likishasimuliwa, lisomwe tena kwa mahadhi, watoto wote wakiitikia kibwagizo. Mara hii wataitikia jambo wanalolijua.

Kuijibu maana

Swali la kichwa cha shairi huwaponza watoto wengi, kwa kuwa majibu yote yaliyoorodheshwa huwa na ukweli ndani yake. Kwa shairi hili mtungaji wa maswali aweza kuweka "Faida za Miti", "Watoto Watundu", "Tupande kwa Ajili ya Wajao", na "Kilimo cha Maembe". La kwanza lafaa ubeti wa kwanza tu. La pili lafaa mstari mmoja wa ubeti wa pili. La nne lina neno maembe, na mtoto mwenye haraka atalikimbilia. La tatu peke yake ndilo linalofunika beti zote pamoja na kibwagizo. Kanuni ya kumpa mtoto ni hii: kichwa ni kama paa, hakina budi kuifunika nyumba nzima. Apime kila jibu kwa kila ubeti; lisilofika kwenye ubeti mmoja liondolewe.

Swali la funzo nalo lina alama zake katika sarufi. Beti mbili za kwanza husimulia: wasimama, walala, hutupa, huwapa. Ubeti wa tatu wabadili sauti na kuamrisha: panda, usiulize, umwagilie, usiche, waache. Mahali mshairi anapoacha kusimulia na kuanza kumwambia mtu, hapo ndipo aghalabu penye funzo. Na kibwagizo, ambacho katika ubeti wa kwanza kilikuwa habari ya babu tu, katika ubeti wa tatu chawa sababu ya amri: panda nawe, kwa kuwa ulichokikuta kilipandwa na mwingine asiyekila.

Hapa mwalimu ajihadhari na kosa la upande wa pili. Kuna wanaowafundisha watoto kuwa katika shairi hakuna neno lenye maana yake, kila kitu ni fumbo la kitu kingine. Mtoto wa namna hiyo atasema kuwa mwembe ni serikali, mawe ni maadui na babu ni mfalme. Mwembe ni mwembe kwanza. Waweza kuwa mfano wa wema wote utendwao kwa watu wasiojulikana, lakini mfano huo umesimama juu ya mwembe wa kweli, wenye kivuli cha kweli. Kila jibu la maana na liwe na mstari unaolishuhudia. Mtoto aulizwe daima: umeliona wapi? Asipoweza kuuonyesha mstari, jibu lake ni dhana tu.

Kazi ya shuleni na ya nyumbani

Mambo haya hayahitaji vitabu vingi wala fedha. Shairi moja kwa wiki latosha, ikiwa litakaa na watoto wiki nzima. Siku ya kwanza lisikilizwe na kuimbwa. Siku ya pili vitafutwe viambishi, kila kitenzi kiulizwe wenyewe wa viambishi vyake. Siku ya tatu maneno yaliyokatwa, yaliyorefushwa na ya kale yatafutiwe jamaa zake. Siku ya nne lisimuliwe kwa lugha ya kila siku. Siku ya tano, si kabla yake, lijibiwe maswali kama ya mtihani, kwa saa, na kimya.

Mzazi ambaye hakusoma sana naye ana nafasi. Wengi wa wazee wajua nyimbo, mafumbo na methali, na methali ni shule nzuri ya uzi wa ngeli. Katika methali mara nyingi jina huachwa, kiambishi kikabaki peke yake, na msikilizaji akapaswa kumtafuta mwenyewe. Mtoto aliyezoea kuulizwa jioni "hicho ni nini, na huyo ni nani" amekwisha kufanya nusu ya kazi ya ushairi.

Yafaa pia watoto watunge. Si lazima ubeti uwe mzuri. Wautafute tu mstari wa mizani kumi na sita. Mtoto aliyehangaika kuikata "a" ya "aliupanda" ili kipande kikae sawa hatashangaa tena akiikuta imekatwa na mwingine. Atajua kuwa mshairi hakutaka kumficha neno, bali alikuwa katika shida ileile.

Mtihani hupita, na matokeo yake humpeleka mtoto huku au kule. Lakini mtoto aliyefundishwa kuufuata uzi huenda na kitu ambacho msahihishaji hawezi kukipima wala kukiondoa. Siku moja atasikia shairi harusini, au redioni, au katika kitabu cha kidato cha pili, na hatahesabu kwanza. Atasikiliza ni nani anayesema, anamwambia nani, na hiyo "u" ni ya nini. Ushairi alioachiwa na wazee utakuwa wake pia, kama maembe ya mti alioupanda mwingine.